Njoo Uione Nyota Yako

Mmeniomba niwaandikie namna ya kupokea wageni pale Kimondo, kwa kuwa ninyi ni wapya kazini na mimi nilikaa pale miaka zaidi ya ishirini. Nitaandika. Lakini nawaonya mapema, vijana wangu, sitaanza na jiwe wala tiketi. Nitaanza na wivu, kwa sababu wivu ndio ulionisindikiza kazini kila asubuhi, ukakaa nami kwenye benchi, ukala ugali wangu. Mtu akiwaambia kwamba mzee Haonga hakuwa na kijicho, mwambieni hamjui mzee Haonga.

Nilimwonea wivu mwenzangu, Neema Sichone, kwa sababu alipewa darubini niliyoitaka mimi. Ni hayo tu. Mengine nitakayowaeleza, ya taa na mabango na namna ya kusimama mbele ya watu, yote yanazunguka hapo hapo.

Kwanza mjue nilikuwa nani kabla yake. Nilianza kazi enzi za ruksa, maduka ya Tunduma yalipoanza kujaa vitu na watu wakaacha kuulizana foleni ya sabuni iko wapi. Siku hizo Songwe haijawa mkoa, sote tulikuwa watu wa Mbeya. Pale Kimondo palikuwa na jiwe lenyewe lililoanguka kutoka angani, shimo lililochimbwa kulizunguka, kibanda cha bati, na mzee mmoja aitwaye Mwampashi, ambaye alinipokea kwa kunipa fagio. Wiki ya kwanza sikuruhusiwa kusema neno na mgeni. "Wewe fagia, sikiliza," aliniambia. Wiki ya pili nikaruhusiwa kusema karibu.

Mbinu zake nawapeni kama zilivyo. Usimweleze mgeni habari za jiwe akiwa amesimama mbali, mshushe kwanza aliguse. Asubuhi lina baridi ya sufuria iliyolala nje, alasiri limeshika joto, na mgeni akishaligusa ataanza kuuliza mwenyewe. Usisimame jua likiwa mgongoni kwako, maana watu watakukunjia uso nawe utadhani umewaudhi. Anayetaka kuligonga asikie linavyolia kama chuma, mpe kokoto kwa mkono wako. Ukimwachia atafute mwenyewe atakuja na tofali. Na wakija wanafunzi wengi kwa mpigo, waulize kama wamekula kabla hujafungua mdomo.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa la mdomo huo huo. Mzee Mwampashi alikuwa ameenda msibani Igamba, akaja mgeni, mama mmoja wa mjini mwenye kofia pana, akaniuliza lile jiwe lilianguka lini. Niliona aibu kumwambia hakuna ajuaye. Nikamwambia lilianguka Jumanne, alfajiri. Akaandika. Mzee aliporudi nilimsimulia kwa majivuno kabisa.

"Haonga, ulikuwepo?" aliniuliza.

"Hapana, mzee."

"Baba yako alikuwepo?"

"Hapana."

"Basi hiyo Jumanne umeitoa wapi?"

Nilisema niliona inafaa. Alinirudisha kwenye fagio siku tatu. Ningependa kuwaambia kwamba nilipona ugonjwa ule, lakini nilipunguza tu. Jibu nilikuwa nalo siku zote, na kama sikuwa nalo nililitengeneza, nikalitoa kwa sauti nzito, mgeni akaondoka ameridhika.

Mzee alipostaafu, Kimondo nikawa mimi. Madereva wa barabara kuu walinijua kwa jina. Walimu wa Itaka na wa kule Mbozi Mission walileta wanafunzi wakisema, "Muulizeni mzee," wakati sina hata mvi. Niliyafurahia sana, sitawaficha. Ndipo akaletwa Neema.

Neema ni Mnamwanga wa Tunduma, na nusu ya ukoo wake iko ng'ambo, Nakonde. Alikuwa ameuza vitenge mpakani na shangazi yake, kwa hiyo Kibemba kilimtoka bila kukwama, na Kiingereza cha sokoni pia. Aliajiriwa kukata tiketi. Mwanzoni tulipatana. Wazambia walipokuja mimi nilikuwa nikiongea nao kwa mikono, lakini yeye akiwasalimu tu "Muli shani" unaona mabega yao yanashuka kama watu waliofika kwa shemeji. Nilimpa fagio kama nilivyopewa mimi. Alifagia siku mbili. Siku ya tatu akaja na fagio la pili, akanikabidhi.

"Tukifagia wawili tutamaliza mapema, kaka," alisema.

Nilicheka, nikafagia. Ningejua yanayokuja nisingecheka sana.

Simu za mkononi zilikuwa zimeshazagaa mpaka vijijini alipokuja Mwalimu Mrisho. Alikuwa mhadhiri wa mambo ya anga, mtu wa Tanga, mpole, na baridi yetu ya mwezi wa sita ilimtesa mpaka akawa anafundisha amejifunga blanketi. Alipata ruhusa ya kukaa nasi wiki sita kila kiangazi. Mchana alizunguka mashuleni, na jua likishazama alionesha watu anga pale pale penye jiwe, kuanzia saa moja mpaka saa mbili, kisha kila mtu akalale. Alikuwa akisema kwamba nchi nyingi zimepoteza giza. Taa zimekuwa nyingi mpaka watoto wao hawazioni nyota, wakati sisi bado tunalo giza la kutosha na tunalionea haya.

Alikuja na darubini ndani ya sanduku la mbao. Ilikuwa nyeupe, urefu wake kama mkono wangu, na ilisimama kwa miguu mitatu. Vijana, niliitamani ile darubini kama mtu anavyotamani gari la jirani. Na kwa sababu hiyo hiyo sikutazama kwayo. Jioni ya kwanza wageni walipanga mstari, mimi nikasimama pembeni, kwa kuwa kwetu mwenyeji huwaacha wageni wanawe mikono kwanza. Jioni ya pili vivyo hivyo. Mwalimu alikuwa ameshatuambia kwamba ataiacha darubini pale, na mmoja wetu ndiye atakabidhiwa aitunze na afundishe watu anga mwaka mzima. Nilijua ni mimi. Nani mwingine? Nikajiambia nitaweka jicho langu siku nitakayokabidhiwa. Nilitaka iwe yangu kwanza.

Wiki zote sita Mwalimu alitufundisha sote wawili. Jioni moja mwanafunzi wa kike kutoka Itaka aliuliza kwa nini ukitembea mwezi unakufuata. Nikamjibu palepale, kwa ile sauti yangu, kwamba mwezi unavutwa na macho ya watu wengi yakiutazama kwa pamoja. Mwalimu wake akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Neema akasema, "Mimi sijui, mdogo wangu. Ngoja niandike nimuulize Mwalimu." Alikuwa na daftari kubwa ambalo lilijaa mambo asiyoyajua. Nilimwonea huruma, nikaona anajivunjia hadhi mbele ya watoto.

Siku ya kuondoka, Mwalimu alituita kibandani.

"Mzee wangu," aliniambia, "wewe ni bingwa wa jiwe. Kwa jiwe hakuna atakayekufikia. Mbingu nampa Neema."

Akampa ufunguo wa sanduku. Nami nikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu mpaka Mwalimu akanishukuru. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nikisema peke yangu, na mbuzi wa watu wananikwepa. Mimi nipewe lile lililokwisha anguka, mwenzangu apewe zote zilizobaki juu! Roho iliniuma mpaka chakula cha jioni kikanishinda. Nilimwambia mke wangu, Mama Elia, kwamba jicho langu halitagusa kile kitu mpaka siku kitakapokuwa changu.

"Kwani kuna anayekulazimisha?" aliniuliza, huku anachambua maharage.

Nilizidi kukasirika, kwa sababu kweli hakuwepo.

Sasa niwaeleze habari ya bango, ambayo sijawahi kumweleza mtu. Kiangazi kilichofuata Mwalimu alirudi, na Neema alitaka safari hii waje watu wazima wa Tunduma, wafanyabiashara na madereva, wasiwe wanafunzi peke yao. Hati yangu ni nzuri, mabango yote ya pale nilichora mimi, hivyo alinijia na daftari lake akanisomea: mwalimu wa elimu ya anga atakuwepo Kimondo siku ya Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili jioni, watu wote wanakaribishwa kutazama sayari kwa darubini, hakuna kiingilio. Nikamwambia maneno ni mengi, ubao hautatosha.

"Fupisha, kaka. Fundi ni wewe," alisema.

Nikafupisha. Niliandika kwa herufi kubwa: MTAALAMU WA NYOTA YUPO KIMONDO. JUMAMOSI SAA 12 JIONI. NJOO UIONE NYOTA YAKO. BURE.

Ninyi ni watu wa hapa, mnaelewa nilichofanya. Nyota kwetu ni mambo mawili. Ipo ya juu, na ipo ya mtu, ile inayong'aa na kufifia, inayofungwa na watu wabaya na kusafishwa na wataalamu. Tunduma nzima nguzo zimebandikwa vikaratasi vya wasafisha nyota na wavuta wateja. Ningeandika njoo uone nyota, kosa lisingekuwepo. Niliandika uione nyota yako. Sumu yote niliitia kwenye hilo neno yako. Kisha nikaenda mwenyewe kulipigilia bango karibu na maegesho ya malori, mahali ambapo dereva anaweza kukaa siku nyingi akingoja karatasi za mpakani, hana la kufanya ila kusoma kuta.

Nilitaka nini? Nilitaka aaibike. Nilitaka walimu wa shule waone kwamba ile ni ramli wawaondoe watoto wao, Mwalimu Mrisho ajue amekabidhi mbingu pabaya, kisha aniite mimi. Nilishaandaa hata uso wa kukubali kwa shingo upande.

Jumamosi ikafika. Hata jua halijazama zikaingia Kosta mbili na Fuso moja. Walishuka matajiri wa malori, madereva, kina mama wa vitenge, vijana wa kubadilisha fedha, Waislamu na Wakristo, wenye vilemba na wenye makofia. Baadhi walibeba chupa za maji ya waridi. Mama mmoja alimkumbatia jogoo mwekundu. Upande wa pili wanafunzi waliokuwa wamealikwa walikuwa wameshaketi kwenye majani, na mwalimu wao alipomwona jogoo alisimama.

"Dada Neema, umetuitia shughuli gani hapa?" aliuliza. Alikuwa ameanza kuwahesabu watoto ili aondoke nao.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kibanda nikiona vizuri. Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha, na ninaona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Giza lilikuwa limeanza kuingia. Wa kwanza kusogea alikuwa Bwana Salumu, mtu wa Kondoa aliyehamia Tunduma na malori yake matatu.

"Mtaalamu ni wewe, dada?"

"Mimi naonesha sayari, kaka. Mtaalamu ni Mwalimu yule pale."

"Mimi nina shida na nyota yangu. Gari langu lina wiki ya tatu pale mpakani, kila siku karatasi mpya. Nimeambiwa nyota imefunikwa."

Neema aliutazama umati, akamtazama jogoo, kisha akageuka akanitazama mimi kwa muda wa kupepesa jicho. Mpaka leo sijui kama alijua. Mwalimu Mrisho alitaka kusema, Neema akamwashiria kwa mkono angoje.

"Nyota yako siijui, kaka," alimwambia Salumu, kwa sauti ya kusikika na wote. "Siwezi kukudanganya. Ninayoijua ni ile pale inayowaka juu ya kilima. Inaitwa Mshtarii, na siyo yako wala yangu. Itazame kwanza. Ukiona safari imekula kwako, utaniambia."

"Na huyu jogoo?" aliuliza yule mama.

"Mfunge pale kwenye nguzo, mama. Utarudi naye nyumbani."

Watu waliguna, wengine wakacheka kidogo. Bwana Salumu akainama. Alikaa ameinama muda mrefu, mkono mmoja umeshika kofia yake isianguke.

"Hivi vidogo vinne vilivyojipanga pembeni?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Miezi yake. Inaizunguka."

"Yaani inatembea nayo kila inakokwenda?"

"Kila inakokwenda."

"Utingo wanne," alisema Salumu. "Mimi lori zima lina utingo mmoja, naye analala."

Hapo kicheko kilipasuka, na mstari ukajipanga wenyewe. Yule mwalimu wa shule aliketi tena. Wazambia wawili waliokuja na Fuso walielezwa kwa Kibemba, nikasikia neno lao la nyota, intanda, likipita mdomo kwa mdomo mpaka na madereva wetu wakaanza kulisema. Ilipofika zamu ya mama wa jogoo, alitoa picha kwenye kanga, akaishika mbele ya darubini kama mtu anayeonesha kitambulisho.

"Huyu mwanangu yuko Sauzi. Mwaka wa nne hajapiga simu. Nyota yake haionekani humo?"

"Nyota yake siijui, mama," Neema alisema. "Ila akitoka nje sasa hivi, hii anaiona. Hii hii."

Mama aliinama. Alikaa pale muda mrefu kuliko wote, na katika umati ule wa watu wenye haraka zao hakuna aliyemwambia wengine wanasubiri.

Nilishikwa na wivu wa aina nyingine. Ule wa kwanza ulikuwa wa ufunguo. Huu ulikuwa wa lile neno siijui. Mimi ningempa yule mama jibu, na jibu zuri, angerudi nalo Tunduma amelikumbatia pamoja na jogoo wake, na lingekuwa la uongo kama Jumanne.

Watu walipoondoka Neema alinijia anatabasamu.

"Kaka, bango lako limeleta Tunduma nzima. Asante sana."

Mwalimu Mrisho alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Bwana Salumu naye, tangu kiangazi kile, alitoa Fuso yake kubeba wanafunzi wa vijiji vya mbali, na kila alipofika aliuliza, "Yuko wapi yule aliyeandika bango?" Vijana, mtu akikutukana unajua pa kuelekea. Kushukuriwa kwa ubaya wako kunauma na hakuna wa kumlalamikia.

Niwaambie na ya taa, maana hilo ni la kazi na mtaulizwa. Umeme ulipofika vijiji vya jirani, kila kibanda kilitundika balbu inayotazama angani. Neema alikuwa akilalamika kwamba mwanga wa vibanda vile unafifisha nyota. Nikachukua kopo la rangi lililokwisha, nikalikata kwa mkasi wa bati, nikalivisha balbu kama kofia. Mwanga wote ukashuka chini kwenye meza, na mwenye kibanda akafurahi kwa sababu wateja waliona vizuri zaidi. Nilikata makofia mengi sana, nikazunguka nayo na baiskeli. Na tochi mzifunge kwa karatasi nyekundu ya biskuti, msimmulike mgeni usoni, macho yakishazoea giza kisha yakamulikwa yanataka karibu nusu saa kurudi yalipokuwa. Siku ya mkutano wa kijiji mwenyekiti alisimama akampongeza Neema kwa kuvalisha taa makofia. Neema alisimama akasema, "Ni kazi ya kaka Haonga." Watu wakampigia makofi yeye kwa unyenyekevu wake. Mnaona nilivyokuwa naishi?

Kila kiangazi aliniita. "Kaka, njoo uone." Nami nilijibu, "Nimeshaona, wape wageni." Nilisema hivyo mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa mazoea, na baadaye hapakuwa tena na njia ya kurudi, kwa sababu wote walijua nimeshaona.

Mara moja nilivunja kiapo. Neema alienda kumzika mjomba wake Nakonde, akaniachia ufunguo. Saa moja jioni nilitoa darubini, nikaisimamisha, nikaielekeza kwenye nyota inayong'aa kuliko zote, nikaweka jicho. Giza. Nikaigeuza huku na huku, nikapuliza kioo, nikaangalia tena. Giza tupu, la ndani ya gunia. Niliona kwamba hata ile mashine imenikataa, inamjua mwenyewe. Niliirudisha sandukuni nikiwa na uchungu wa kweli. Wiki mbili baadaye nilikuwa nafagia karibu na wanafunzi wa Igamba nikamsikia Neema akiwaambia, "Jambo la kwanza, ondoeni kifuniko cha mbele." Niliendelea kufagia pale pale mpaka pakawa shimo.

Na hapo sikumwendea. Ningesema nini? Badala yake nilikuwa hodari wa kusikiliza. Zohali ilipoanza kuonekana jioni za kiangazi, Neema aliwaambia watu kwamba ni kiduara cha rangi ya chai ya maziwa, kimevaa bangili isiyogusa mkono. Nililichukua hilo. Mchana, wageni wa jiwe wakiuliza mambo ya darubini, niliwaeleza ile bangili kwa sauti yangu nzito, nikawaeleza inavyoinama mwaka hadi mwaka, nikatua kidogo katikati ili wangoje, mpaka Neema mwenyewe akawa anasema, "Zohali muulizeni kaka, anaieleza kunishinda mimi." Walikuwepo waliokuja kwa ajili yangu tu. Nikawa maarufu kwa kitu ambacho sijakiona, na miaka ikaenda.

Nilistaafu wakati wa mavuno ya kahawa. Nilipewa blanketi na baiskeli, na Neema alilia. Baada ya hapo nilikaa nyumbani karibu miaka miwili, na katika miaka hiyo macho yangu yalianza kuingia ukungu. Nilidhani ni moshi wa jikoni. Nikaanza kumwaga chai nje ya kikombe, na Mama Elia akawa ananisogezea kikombe bila kusema. Hospitali waliniambia ni mtoto wa jicho, yote mawili, na nimechelewa kwenda. Ndiyo maana mnaona herufi zangu hizi ni kubwa na zinaacha mstari.

Kiangazi kile, mwaka mmoja kabla Songwe haijawa mkoa, Neema alituma ujumbe niende kusema na wanafunzi habari za jiwe. Nilienda. Nikaeleza jiwe, nikapigiwa makofi. Jua likazama, wanafunzi wakapanga mstari kwenye darubini, nami nikajikuta nimesimama nyuma yao. Sijui niseme ni kwa nini siku ile. Sikuwa tena na cha kugombea. Darubini ilikuwa ya Neema, kazi ilikuwa ya Neema, na mimi nilikuwa mstaafu anayetembea kwa kupapasa. Mtoto mmoja alitaka kunipisha mbele, nikakataa.

Ilipofika zamu yangu Neema alishtuka. Kisha akafurahi, nilisikia kwenye sauti.

"Zohali, kaka. Iko katikati kabisa leo."

Niliinama, nikaweka jicho la kulia. Niliona weupe. Haukuwa na duara wala bangili, ulikuwa weupe tu, kama mtu amemwaga uji ndani ya kioo. Nikangoja. Weupe ukabaki weupe.

"Imekaa sawa?" aliuliza.

"Bado."

Akazungusha kale kagurudumu ka kusafisha picha, taratibu, upande mmoja kisha upande wa pili. "Hapo je?"

"Bado."

Akazungusha tena. Nilisikia vidole vyake karibu na sikio langu, na wanafunzi nyuma yetu wakisukumana kimyakimya.

"Basi nisaidie, kaka," alisema. "Mara ya mwisho ulipoiona ilikuwaje? Ilikuwa kubwa, ndogo? Niambie nikurudishie hapo hapo."

Ningeweza kumjibu. Majibu nilikuwa nayo, na sauti bado ninayo mpaka leo.

"Sijawahi kuiona, Neema," nilisema. "Hata siku moja."

Vidole viliacha kuzungusha. Nilingoja acheke, au aniulize miaka yote ile nilikuwa nawaeleza watu nini.  Yeye akaweka mkono wake kisogoni kwangu, akanielekeza kichwa polepole, kama unavyomshika mtoto anayetazama kwa mara ya kwanza.

"Lete la kushoto, kaka," alisema. "Hawa watasubiri."

Nikaleta la kushoto. Nalo halikuona kitu.